Joho la Mwanafikra

Aibu hii nilijipikia mwenyewe, kwa hivyo simlaumu mtu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mji wa Kale, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimealikwa kutoa mhadhara, mada "Kufikiri kwa Makini". Nami nilishagundua (kwa kutazama picha zao, vitabu vyao sijavimaliza) kwamba wanafikra wakubwa hujulikana kwa sura kabla ya maneno: huyu hachani nywele, yule hatoi kiko mdomoni, mwingine mwaka mzima fulana nyeusi. Mimi nywele sina na moshi unanikohoza, basi nikatoa joho nililovaa siku ya kuoa, nikapigwa picha mkono kidevuni, macho mbali, nikairusha kwenye makundi yote ya simu. Maelezo marefu sikuyataka, mwanafikra haongei sana, nikaandika tu: "Ijumaa, baada ya Alasiri, ukumbini. Inshallah."

(Nyinyi mnaojua joho huku kwetu huvaliwa na nani, na nikaha hufungwa saa ngapi, msinicheke bado.)

Pongezi zikamiminika. "Mabruk, maalim!" Nikajibu kila moja kwa unyenyekevu. Mke wangu, Mwanakheri, akawa hasemi nami, siku tatu, chai anaiweka mezani na kuondoka, nami nikaona haya ndiyo mambo, sasa hata nyumbani napewa nafasi ya kufikiri.

Ijumaa ukumbi ulijaa pomoni, kanzu zimepigwa pasi, udi unanukia, nikasema kumbe watu wana kiu ya elimu hivi. Nikaanza: "Binadamu hufikiri vipi?"

Mzee mmoja wa mbele akainua mkono. "Hilo zuri, maalim, lakini kadhi yuko wapi?"

Jirani yake akaulizia halua. Shemeji yangu akasimama, mikono kifuani: "Sisi tumekuja kumuona huyo unayemuoa juu ya dada yetu."

Nilieleza mpaka joho likalowa jasho. Watu wakatoka mmoja mmoja, wengine wamekasirika kwamba hapana harusi. Akabaki Mwanakheri, aliyekuwa nyuma na mamake, macho mekundu.

"Sina mke mwengine," nikamwambia. "Nilitaka nionekane mtu wa fikra."

"Lau ungekuwa wafikiri, Baba Fatuma, ungeniuliza siku tatu hizi nalilia nini."

Maneno hayo mpaka leo yananiuma. Joho nimempa shemeji, picha sipigwi tena. Mke wangu akiweka chai kimya, naacha kila nilichoshika nikamuuliza ana nini, hata kama jibu ni kwamba gesi imekwisha.