Jiwe la Chemutai Lasuguliwa Likang'aa

Saa mbili asubuhi, Chemutai, msimamizi wa maabara, anafungua droo ya madini katika chuo kimoja cha ufundi nje kidogo ya Njoro, anatazama ndani, kisha anaifunga kwa kishindo. Anaifungua tena. Jiwe bado linang'aa.

"Nimechoka mimi," anasema, akivua miwani. "Miaka ishirini na saba nachunga jiwe moja tu, na bado wamenishinda!"

Jiwe lenyewe ni karoliti, madini ya shaba, kobalti na salfa kutoka Kongo. Halizidi kidole gumba, ila ukilishika utashangaa uzito wake. Lina pande nane, limevunjika kona mbili, na wanafunzi wamelikwaruza kwa visu wakipima ugumu wake hadi likafanana na ubao wa kukatia sukuma wiki. Chuoni hapo hakuna jingine.

Karoliti hutoka mwambani ikiwa ya kijivu kama chuma. Ikikaa hewani muda mrefu huvaa wekundu wa shaba, na zambarau kidogo. Wekundu huo ndio uliowaokoa wanafunzi wakati wa mtihani, maana mawe ya kijivu yanayong'aa yamejaa droo nzima.

Ijumaa iliyopita ilitangazwa kwamba wakaguzi wanakuja. Eucabeth, mfanyakazi wa usafi ambaye sufuria zake hung'aa hadi majirani wanamsema, aliliona jiwe, akachukua stilwuli ya kusugulia sufuria na sabuni, akalisugua hadi wekundu wote ukatoka.

"Nilidhani ni kutu, Madam," Eucabeth anasema kutoka mlangoni, ndoo mkononi. "Si nilitaka tu tusiaibike?"

"Na si ungeniuliza? Simu unayo!"

"Sasa hiyo rangi haiwezi rudi?"

"Itarudi. Lakini ni miaka, Eucabeth. Miaka!"

Chemutai hana miaka hiyo. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na Machi anastaafu. Alitaka kulikabidhi jiwe likiwa na rangi aliyolikuta nayo. Anakiri kwamba Jumamosi alilia, hata mumewe akamuuliza ni nani amefariki.

Mpango wake sasa ni mmoja. Anachomoa ufunguo wa droo na kumnyooshea Eucabeth.

"Wewe bado uko hapa miaka kumi na mitano. Utalichunga mpaka libadilike. Mwanafunzi akija na kisu, mfukuze."

Eucabeth anaweka ndoo chini, anaupokea kwa mikono miwili. Anachungulia droo kwa muda.

"Na likishika vumbi, Madam?"

Chemutai anafumba macho.

"Puliza," anasema. "Puliza tu."