Kadi ya Mama wa Abuku

Mwanangu, kuna siku moja huko Midia ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, nikiandika programu katika karakana moja ya mjini, mtaa wa Mvara. Tulitengeneza vifaa vidogo vya kusoma kadi za wakulima wakati wa kugawa mbegu.

Mwenzangu aliitwa Kiden, mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Alijifunza kazi baada yangu akanipita. Kila asubuhi bosi alimwita yeye kwanza, nami chai ilinishinda kwa wivu. Hata kicheko chake kiliniudhi.

Kiden ndiye aliyeandika sehemu ya kulinganisha kumbukumbu ya kadi na ile ya kifaa, baiti kwa baiti, yaani kila chembe ya data, fungu zima la jina na namba kwa mstari mmoja tu wa programu. Bosi akamsifu. Mimi niliona kosa papo hapo. Kati ya jina na namba, kompyuta huacha nafasi ambazo hakuna anayeziandika, na humo hubaki takataka za kazi iliyopita. Pale karakanani kifaa kilikuwa ndiyo kwanza kimewashwa, nafasi zile zikiwa safi, kwa hiyo kila jaribio lilipita. Nilijua kikishasoma kadi nyingi kitaanza kukataa watu.

Kiden aliniuliza, "Dada, umeangalia kazi yangu? Iko sawa?"

Nikamjibu, "Iko sawa."

Wiki mbili baadaye tulikuwa Midia, kwenye kugawa mbegu. Wakulima wa kwanza walipita vizuri. Kisha mama mmoja mzee, aliyetoka Abuku kwa miguu, akakataliwa mara tatu. Kwenye foleni watu wakaanza kunong'ona kwamba kadi ni ya wizi. Yeye akainyoosha mbele yetu, akasema taratibu, "Jina yangu iko. Namba iko. Sasa mimi si mimi?"

Kiden akafungua kompyuta yake mbele ya watu wote, akatafuta kosa asilione. Saa hiyo ndiyo niliyokuwa nikiingoja, na ilipofika sikuona utamu wowote.

Nikamwambia, "Usilinganishe fungu zima. Linganisha jina kwa jina, namba kwa namba."

Akarekebisha palepale kwenye kompyuta yake, na mama akapata mbegu. Ndipo Kiden akanigeukia. "Ulijua toka lini?"

"Toka siku uliyoniuliza."

Hakunigombeza. Ila hakuniomba tena nimwangalizie kazi, na mwaka uliofuata alihamia Juba bila kuniaga.

Mwanangu, wivu utakuja. Mimi na mvi hizi bado unanijia nikiona vijana wanavyoandika haraka, kwa hiyo sikwambii usiusikie. Ninachokuambia ni hiki: ukiona kosa katika kazi ya mwenzako, mwambie siku hiyohiyo, hata kama sauti inatoka kwa shida. Atakayeumia si yeye peke yake. Yuko mtu ametembea toka alfajiri.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akuzungushie watu wa kukuambia ukweli, nawe akujalie kuwa mmoja wao.