Unga Mwekundu wa Shangazi

Juzi sokoni Bomang'ombe mwanamume alinadi kwa kipaza sauti unga mwekundu wa kuongeza damu. Nilisoma pakiti: sukari na rangi. Nikatamani kumrushia usoni.

Mama alipojifungua mdogo wangu kule Kibosho, shangazi alituletea unga kama huo kutoka mjini. Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi ambayo bibi alimpikia mzazi, akawamwagia mbwa.

"Mama, huo ni ushamba. Siku hizi damu inauzwa dukani," shangazi alimwambia bibi.

"Haya, msomi," bibi alijibu.

Mimi ndiye niliyemkorogea mama ule unga. Ulinukia peremende, na nilidhani kila chekundu hugeuka damu tumboni. Alasiri moja mama alianguka mlangoni, midomo imempauka. Nikakimbia kumkorogea kikombe kingine.