Samaki ya Kwenye Shuka

Mujukuu wangu, yule mwenye diploma, ananiambia sinema nzuri ni ile mutu haielewi. Basi mimi niliona nzuri kuliko zote, hapa Rumonge, uhuru ukiwa bado haujafikisha miaka miwili.

Padiri ndiye aliyeileta. Saa nane za mchana, madirisha ya sali, ule ukumbi wa misheni, yamezibwa na mikeka, shuka jeupe limetundikwa ukutani, na sisi ndani tunaiva kama ngazi, yale matunda ya mawese, kwenye chungu.

Mimi sikufuata sinema, nilifuata mwalimu. Mwaka muzima alinisindikiza kutoka sokoni, ananiita nyota, ananiita ziwa. Lakini kwa baba yangu hakuwahi kufikisha hata mutungi mumoja wa pombe, aseme amekuja kuomba muke. Na nilikuwa muzuri, musibishe.

Kwenye shuka akatokea muzungu wa koti jeusi, amebeba samaki mukubwa juu ya muto wa kulalia. Anampelekea bibi mumoja. Akikaribia mulango, nyumba inasogea mbali. Akitembea tena, inasogea tena. Bibi iko dirishani, anachana nywele. Saa nzima hivyo!

Wauza samaki wa Minago, nyuma yangu, walishindwa kuvumilia.

“Wee bwana, samaki hiyo imelala siku mbili! Angalia macho yake!”

“Aikaushe basi!”

“Na wewe mama, umeshiba nini? Shuka uipokee!”

Mikeka ilipotolewa, mwalimu akasimama kutufafanulia. Alikohoa kwanza.

“Samaki ile si samaki. Ni alama ya tamaa. Nyumba inasogea kwa sababu tamaa ikitimizwa, inakufa. Utamu iko katika kutamani.”

Padiri akapiga makofi. Mimi nikasimama.

“Mwalimu, huyo bwana anataka kufika, ao anapenda kutembea tu?”

Sali nzima ikacheka. Yeye akatabasamu, akiniangalia mimi.

“Dada, wewe unafikiri kwa tumbo. Kufika ni mambo ya watu wa kawaida.”

Nikakaa. Jibu la mwaka muzima nilikuwa nimelipata.

Juma lilelile mvuvi mumoja wa Magara, ambaye siku zote alinisalimia “amahoro” tu huku akiangalia miguu yake, alikuja kwetu na mikeke sita, wale samaki wa ziwa letu, kwenye kamba na mutungi wa pombe ya ndizi. Baba alifunua mashavu ya samaki: mekundu kabisa.

“Nimekuja kumuomba binti yenu,” mvuvi akasema. Maneno manne. Nyota hakuna. Na nyumba yetu haikusogea.

Nilikuwa na watoto wanne tayari, mauaji ya mwaka wa sabini na mbili hayajatutawanya bado, wakati mwalimu alipopita kutusalimia. Hana muke, kalamu iko mufukoni. Nikamupikia mukeke kwa mawese. Alikula nyama, akanyonya kichwa, akaanza kutafuna mifupa.

“Mwalimu,” nikamuuliza, “na hii ya leo ni alama ya nini?”

Hakuinua macho.

“Mama, ongeza ugali.”