Makofi ya Mzee Albert

Ile siku siisahau, mwanangu, na wala si kwa sababu tulishinda. Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa msimu, huko Ujerumani, baridi ya kupasua midomo. Vijana wangu walikuwa wamenibeba mabegani wakiimba, nami nacheka kama bwana harusi. Kutoka kule juu nikamwona mtu mmoja bado ameketi benchi, helmeti imefungwa kidevuni, mikono juu ya magoti. Kicheko kikanikauka. Nilikuwa nimemsahau.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Juzi ulipokuja kuniamkia, ukiwa na habari kwamba umekabidhiwa timu ya netiboli ya shule yenu kule Goweko, uliniuliza, "Baba, kufundisha timu kuna siri gani?" Nikakujibu kwa mzaha kwamba siri ni kuwa na filimbi yenye sauti kubwa. Ukacheka, ukaenda zako kuwahi gari. Ulipotoka nikajiona nimekukosea. Mtoto akiuliza kwa dhati, mzee hajibu kwa utani. Utani una watu wake.

Wewe unanijua kama mzee Maganga wa Ipuli, hapa Tabora, ambaye watoto wa mtaani humwita Mjerumani. Kwetu hasa ni Usoke, na baba yangu alikuwa mkulima wa tumbaku. Kanisa letu lilinipeleka ng'ambo nikiwa kijana, nikajifunze ufundi wa mitambo. Nilikwenda kwa miaka miwili, nikakaa karibu thelathini. Wako watu waliokimbia nyumbani. Mimi sikukimbia, niliahirisha tu kurudi, mwaka baada ya mwaka, mpaka wa kunipokea wakapungua.

Kiwandani nilikofanya kazi, jamaa mmoja aliyatazama mabega yangu, yaliyokomazwa na mizigo ya tumbaku, akanipeleka kwenye mchezo nisioujua kabisa. Futiboli ya Kimarekani. Usifikiri ni mpira wetu huu. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku, unabebwa mikononi, na wachezaji huvaa helmeti zenye vyuma usoni na mapedi makubwa mabegani. Wanagongana kama mafahali, wanasimama, wanapanga, wanagongana tena. Nilicheza miaka sita, goti likaharibika, wakanifanya kocha. Hapa Tabora nikieleza habari hizi watu hunisikiliza kwa adabu, kisha mmoja huuliza, "Kwa hiyo ni raga?" Nami hukubali, ndiyo, kama raga. Iko sehemu nzima ya maisha yangu ambayo hapa haina wa kuijua.

Na kule nako nilikuwa mpweke, nisikufiche. Sikuoa. Ningeweza kumaliza Jumamosi na Jumapili bila mtu kuniuliza nimeamkaje. Timu ndiyo ilikuwa ukoo wangu.

Katika timu hiyo alikuwemo kijana nitakayemwita Henrik, ingawa hilo si jina lake. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Mwembamba, mzito wa miguu, na mpira ulimponyoka mikononi kama samaki. Lakini miaka minne hakukosa mazoezi hata siku moja. Mvua inyeshe, theluji ianguke, utamkuta pale wa kwanza, ananukia mkate. Kwenye mechi sikumpanga, maana kila mara nilikuwa na mtu bora kuliko yeye. Hakunung'unika. Na asiyenung'unika, mwanangu, ni mwepesi sana kusahaulika.

Mwaka mmoja, wiki ya Krismasi, alinisubiri mlangoni baada ya mazoezi.

"Kocha, Krismasi unakula wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Na nani?"

Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

"Basi utakula kwetu," akasema.

Ndivyo nilivyomjua baba yake, Mzee Albert. Mjane, mtu wa reli. Miaka arobaini alifanya kazi ya kupitisha treni kwenye stesheni ndogo ya mashambani. Nilipomwambia kwamba nami nimezaliwa kijiji cha reli, aliweka uma chini. Akataka kujua yote: Usoke treni zinapita ngapi, abiria wananunua nini madirishani. Nikamweleza asali na karanga, na akina mama wanaokimbia sambamba na mabehewa wakidai chenji. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kwetu tunaamkianaje asubuhi, nikamfundisha: Mwangaluka. Tangu hapo kila nikifika, iwe asubuhi iwe jioni, alinipokea kwa "Mwangaluka!" Sikumsahihisha. Ilikuwa miaka mingi tangu mtu anisalimu kwa lugha ya mama yangu.

Basi ikafika ile vuli ambayo Mzee Albert alianza kupumua kama mtu anayepanda mlima. Mapafu. Binti yake, aliyeolewa mbali upande wa kusini, aliamua kumchukua msimu wetu ukiisha. Siku moja, mezani, Henrik akiwa jikoni, mzee aliniinamia.

"Sijawahi kumwona akicheza," akasema. "Ninachoweza kukiwahi ni ile mechi ya mwisho. Atacheza?"

"Atacheza, mzee. Nakuahidi."

Neno hilo lilinitoka jepesi, mwanangu. Nilikuwa nimeshiba, nina joto, napendwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu niko mgongoni kwa bibi.

Mechi yetu ina robo nne. Robo mbili za mwanzo tulikuwa nyuma, na hapo sikujilaumu. Niliona si wakati wa majaribio. Robo ya tatu tukawapita. Henrik akaja kusimama kando yangu. "Kocha?" Nikamwambia, "Subiri kidogo." Robo ya nne tukawaacha mbali kabisa. Akaja tena. "Subiri, Henrik." Kulikuwa na mtu wa gazeti la mji amesimama karibu, kamera mkononi, nami nikaanza kutamani ushindi wa kutajwa, si ushindi tu. Mara ya tatu Henrik alisimama tu ubavuni pangu, akarudi kuketi. Baada ya hapo akanitoka kichwani kabisa. Ningependa kukuambia kwamba nilipambana na nafsi yangu. Sikupambana. Nilisahau, kama mtu anavyosahau mwavuli.

Waliponishusha, Mzee Albert alikuwa tayari anakatiza uwanja, blanketi mabegani, mkono mmoja kwenye fimbo. Muda wote wa mechi nilikuwa nimemwona jukwaani akipiga makofi. Akamkumbatia mwanawe.

"Nimekuona!" akasema kwa sauti ya juu. "Ulivyoliangusha lile jitu lao, nimekuona!"

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Macho ya mzee hayakuwa mazuri, na wachezaji wakishavaa helmeti wote hufanana. Alikuwa amemshangilia mtoto wa mwingine. Uwanja ulikuwa tope tupu, na jezi ya Henrik ilikuwa safi kama ilivyotoka kunyooshwa.

Henrik alinitazama mimi. Kisha akasema, "Asante, baba."

Mzee akanigeukia. "Amecheza vizuri, siyo kocha?"

"Amecheza vizuri sana," nikajibu.

Wiki mbili zikapita. Henrik hakuja kurudisha vifaa vya timu. Alimtuma mwenzake, jezi imefuliwa na kukunjwa. Nikajikaza, nikaenda kwao mchana mmoja ambao nilijua yeye yuko kazini. Nilimkuta Mzee Albert katikati ya maboksi, anangoja kuhamishwa. Siku hiyo hakuniamkia kwa Kinyamwezi. Alinionyesha kiti tu.

"Mzee," nikasema, "Henrik hakucheza."

"Najua."

Nilikosa pa kuweka mikono.

"Miaka arobaini," akasema, "nilisimama stesheni nikitazama watu wanakimbilia treni. Kila mtu hukimbia kwa namna yake, humkosei hata kwa mbali. Mwanangu hukimbia kama mama yake alivyokimbia. Hakuna aliyekimbia hivyo uwanjani kwako. Na jezi yake niliiona."

"Sasa kwa nini ulipiga makofi?"

"Kwa sababu kila nikimtazama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilitaka akinyanyue." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Naye akanikubalia, ili niondoke na furaha. Sisi wawili tulidanganyana kwa kupendana. Na wewe, kocha? Wewe ulidanganya kwa ajili ya nani?"

Nilitukanwa mengi katika nchi ile, mengine kwa sababu ya rangi yangu, na nilijifunza kuyapangusa kama vumbi. Lakini maneno ya mzee yule, aliyoyasema bila kupandisha sauti, sijaweza kuyapangusa hadi leo.

Nilipoinuka akanishika mkono. "Usimwambie kwamba nilijua. Mwache aamini alinifurahisha. Hilo utaliweza?"

"Nitaliweza, mzee."

"Hata mara ile ulisema hivyo hivyo."

Hatukuonana tena. Majira ya kuchipua hayajaisha, habari ikaja kwamba amefariki. Nilisafiri kwa treni siku nzima kwenda kumzika. Makaburini Henrik alinifuata, tukasimama mbali kidogo na wengine. Nikamwomba msamaha kwa yote. Alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na malezi.

"Nilimdanganya baba yangu katika siku zake za mwisho," akasema, "na wewe ulinisaidia kumdanganya. Hilo ndilo linalonila, kocha. Siyo mechi."

Hebu fikiri. Dawa ilikuwa ulimini mwangu. Ningemwambia, "Hukumdanganya, alijua, alikupigia makofi akijua," labda ule mzigo ungemtoka. Na labda angeumia zaidi, kwa kujua kwamba baba yake aliiona aibu yake yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikameza. Nilikuwa nimeahidi. Mpaka leo sijui kama nilitenda vema.

Henrik hakurudi kwenye timu. Nilienda kununua mkate dukani kwao kila Jumamosi kwa miaka, naye alinihudumia kwa heshima. "Kocha," akaniita, akanifungia mkate, akamgeukia mteja mwingine. Hakuniita tena mezani kwao. Krismasi zangu zikarudi kuwa kama zilivyokuwa.

Nilibadilika, lakini kwa kuchelewa. Majuto ni mjukuu. Babu yangu alikuwa mtoto wa mpagazi, mmoja wa wale Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani na kurudi. Alituhadithia kwamba jioni msafara ulikuwa hauhesabiwi umefika kambini mpaka yule wa nyuma kabisa awe ametua mzigo wake. Nilikua nikiijua hadithi hiyo, nikaenda nayo Ulaya, nikaishi nayo miaka yote, na haikunisaidia siku niliyoihitaji. Ndipo nikaanza kuifuata. Kila mechi, robo ya pili haijaisha, wachezaji wangu wote walikuwa wameshaingia. Mwaka mmoja tulikosa kombe kwa sababu hiyo, wazi kabisa, nilimwingiza kijana dhaifu na wapinzani wakapita pale pale alipokuwa. Viongozi wa klabu walinipa mkono wa kwaheri. Sikugombana nao.

Nikarudi nyumbani. Wale nyota wangu, niliowapigia kelele nikawasahihisha kila kidole, siku hizi nikijaribu kuwakumbuka sura zinachanganyikana. Henrik peke yake ndiye ninayemwona vizuri, hadi lile kovu dogo la moto wa tanuri kwenye kiganja. Asubuhi hufagia uwanja wangu, nikanywa chai, nikakaa barazani. Wanapita watu, "Shikamoo mzee," "Marahaba," wanakwenda. Ni watu wema. Lakini nitamweleza nani kati yao kwamba nimebeba siri ya mtu aliyekufa, inayomhusu mtu ambaye huenda hanikumbuki? Leo nimekueleza wewe, kwa kuwa uko mbali naye na majina nimeyageuza, na kwa kuwa kuanzia Jumatatu utakuwa na wasichana wanaokutazama usoni.

Basi shika haya, mwanangu. Usiahidi ukiwa umefurahi. Subiri furaha ipoe, uone kama neno bado linatamkika. Ukiwa umeahidi, litimize mapema, kabla mchezo haujanoga, maana ukishanoga utaona kila dakika ni ya thamani mno kumpa mnyonge. Ukikosa, na utakosa tu, sema siku hiyo hiyo, mbele ya uliyemkosea, aibu ingali mbichi. Mimi nilingoja wiki mbili, na katika wiki mbili kosa moja lilikuwa limeshazaa jingine. Na wapo wasichana watakaofika wa kwanza kila siku, wasiodai chochote. Hao ndio wa kuwaangalia kwanza kila unaponyanyua macho, kabla ya wale wanaofunga magoli. Wale wa magoli wana watu wengi wa kuwatazama.

Nenda salama Goweko. Mungu akupe mdomo mzito wa kuahidi na miguu myepesi ya kutimiza. Akulinde na ushindi unaopofusha. Na siku moja wasichana wako wakiwa wamekuwa mama wa watu, wakikusanyika na jina lako likatajwa, asiwepo hata mmoja kati yao atakayenyamaza. Amina.