Mtoto wa Kwenye Picha Anamtazama Nani?

Saa moja na nusu asubuhi, makumbusho bado hayajafunguliwa, na mama mfagizi amesimama juu ya ngazi fupi, brashi laini mkononi. Anapangusa vumbi la fremu kutoka juu kwenda chini. Turubai haigusi. Hiyo ni amri, na kwa miaka sita hajaivunja hata kwa bahati mbaya.

Mbele yake, ndani ya picha ya rangi, ameketi bibi wa karne ya kumi na tisa, gauni la hariri, lulu shingoni, mtoto wa kama mwaka mmoja mapajani. Maelezo ya ukutani yanasema mtoto ana huzuni.

"Huzuni ya wapi!" anacheka mama mfagizi. "Huyu anataka kubebwa, tena si na huyo aliyempakata."

Kabla ya kushika ufagio alikuwa yaya: miaka kumi na tisa, nyumba tatu, watoto saba, wote wa watu. Anaonyesha vidole vya yule bibi, vilivyokakamaa kama vya mtu aliyeshikishwa kikombe kilichojaa pomoni. Kisha macho ya mtoto, yaliyokwenda pembeni, na mdomo ulioanza kufunguka.

"Yaya yuko pale, nyuma ya mchoraji, anamchezea mtoto atulie. Mie nimesimama hivyo mara ngapi, nyuma ya mpiga picha, narukaruka kama chizi! Watoto wanacheka, picha inatoka safi, mie simo."

Mwezi uliopita alikuwa akimwambia mlinzi maneno hayohayo, na mtunza picha wa makumbusho akayasikia. Mtunza picha hakucheka. Alishuka ghalani, akarudi na karatasi ya mchoraji yuleyule, majaribio ya penseli ambayo siku zote yalidhaniwa ni ya kazi nyingine. Pembeni mwa bibi na mtoto wasiochorwa nyuso, kwa mistari ya harakaharaka, mwanamke wa aproni ameinua njuga za kuchezea mtoto.

"Nilipanda nayo mbio hadi hapa," anasema mtunza picha. "Miaka kumi na miwili naisoma picha hii. Nilitazama kila kitu, isipokuwa mtoto anatazama wapi."

Mama mfagizi alikaa chini sakafuni, akalia bila aibu. Hata leo, akiitazama karatasi ile, sauti inashuka yenyewe. Zaidi ya miaka mia moja, na macho ya mtoto hayajabanduka kwa yaya wake!

Binti wa pekee wa mama mfagizi alilelewa na bibi yake, mama akilea watoto wa watu. Sasa ni fundi cherehani, mtu mzima, na simu zao huishia kwenye salamu.

"Aliniuliza mara moja tu: mama, ulikuwa wapi? Nikageuza mazungumzo."

Jumamosi yanabandikwa maelezo mapya, na mchoro wa penseli utatundikwa kando. Amemwomba binti aje. Hajajibiwa.

"Akija sitajitetea," anasema, akishuka ngazi polepole. "Nitamsimamisha hapa, nimwambie, mwanangu, fuata macho ya huyu mtoto. Nilikuwa pale."