Chokaa Kwenye Msitu wa Nyuki

Mimi darasa la pili sikulimaliza, kwa hiyo nikiruka huku na huku mnivumilie. Nataka kusema habari ya ile nta.

Huku kwetu Ugalla, zamani nta ilikuwa takataka. Unakamua asali, masega unayatupa nyuma ya nyumba. Sasa mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pili, ndiye katibu wa kikundi chetu cha wafuga nyuki. Akapata kampuni ya Ulaya inayotengeneza mafuta ya uso ya matajiri, na mafuta hayo yanataka nta. Alituonyesha kikopo kwenye simu, kimelazwa peke yake juu ya hariri. Mke wangu akauliza, "Hicho kinatosha uso wa nani, wa kifaranga?"

Lakini matajiri hao wana masharti. Kampuni imejiwekea malengo: kila kinachoingia kwenye kikopo kijulikane kimetoka wapi, na huko kilikotoka pasiharibiwe. Mti usibanduliwe gome kutengenezea mzinga, msitu usichomwe. Atakuja mtu kukagua. Akiridhika watanunua, asiporidhika basi. Na binti wa watu alikuwa amehangaika masika mawili, kila mara bodaboda mpaka Mpanda kutafuta mtandao wa kutuma picha.

Kabla mgeni hajafika, mkwe akaitwa msibani kwao Katumba. Aliacha neno kwa mke wangu, maana kwetu mke wa mwanao hakuagizi uso kwa uso: "Mama, mwambie baba autazame msitu."

Nikautazama, nikaona aibu. Vichaka vimefika kiunoni, majani yamezagaa, utadhani wenyewe tumekufa. Mgeni anatoka mbali hivyo unamkaribisha porini? Ngoja niwaambie, siku moja alikuja mkubwa wa serikali, tukafyeka barabara nzima, tukapaka chokaa mawe na miti. Mbuzi wangu akajisugua kwenye mti, akatembea wiki nzima ubavu mmoja mweupe. Mkubwa alipita na gari, vioo vimefungwa. Lakini palipendeza.

Basi nikachukua fyekeo. Siku tatu nimefyeka upande wangu wote, nikafagia, nikapaka miti chokaa mpaka usawa wa kifua. Chokaa ikaisha kwenye korongo, mgongo nao ukagoma. Ng'ambo ya korongo, kwa wenzangu, sikufika. Niliomba radhi moyoni.

Mkwe alirudi siku ileile ya mgeni, wakaja pamoja. Mgeni ni mama Mtanzania mwenzetu, kavaa buti, kaniamkia vizuri. Akafika kwenye mti wa kwanza, akaugusa, akatazama kiganja.

"Mzee wangu, huu mti unaumwa?"

"Hapana mama, umepambwa."

Akatazama chini. Nilikuwa nimefagia mpaka ungeweza kuanika mpunga. "Kwenye picha niliona vichaka vina maua. Viko wapi?"

"Tumevitoa," nikasema, bado natabasamu.

"Na nyuki wanakula nini?"

Hapo tabasamu likanikauka. Miaka yote nafuga nyuki, nimewafyekea chakula kwa ajili ya mgeni.

Akamgeukia mkwe wangu. "Katibu, nani ameagiza kazi hii?"

Mkwe akainamisha kichwa. Atamtajaje baba mkwe mbele ya watu? "Ni sisi. Kikundi."

"Basi naandika kikundi," mgeni akasema, akatoa kalamu. Masika mawili yanakwenda hivyo, kwa heshima yangu mimi.

"Usiandike kikundi," nikasema. "Andika mzee mmoja mjinga. Kikundi hakikuwepo, na huyu alikuwa msibani."

"Mjinga siwezi kuandika, mzee wangu. Fomu haina nafasi hiyo. Nionyesheni ng'ambo ya korongo."

Huko miiba ilimrarua suruali, siafu wakampanda, akafurahi kama yuko harusini. Nta ya wenzangu ikakubaliwa palepale. Yangu ingoje mpaka maua yarudi, na mimi nisiguse kitu chochote.

Nyie mnadhani kazi hiyo rahisi. Mkono unawasha. Majuzi jirani yangu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake, aliona kichaka kinaninyemelea akadhani nimelazwa. Akaja asubuhi na mkewe, wana mafyekeo, waniokoe. Nikakaa katikati ya njia.

"Rudini, ndugu yangu. Niko kazini."

"Kazi gani?"

"Ya kuacha."

"Nani kakuajiri?"

"Watu wa mafuta ya uso, Ulaya."

Alinitazama sana. Kisha akasema kitu kwa Kisukuma, taratibu, na mkewe akaenda kwao akarudi na bakuli la uji. Wakasimama mpaka nikaumaliza.